Leseni ya Wembe

Kwenye mkono wangu wa kushoto, katikati ya kifundo na kiwiko, palikuwa na mahali pasipoota malaika, vile vinywele vya mwilini. Ngozi ya pale ilikuwa laini na nyeupe kidogo kuliko sehemu nyingine ya mkono. Vinyozi wote wa Likoni walikuwa na upara kama huo. Mtu akikunja shati lake ukaona mkono wa kulia una malaika na wa kushoto umesafishwa, uliijua kazi yake bila kumuuliza.

Aliyenipa alama hiyo ni mjomba wangu, kaka yake mama. Nilipotoka shule darasa la nne alinichukua kwenye kiti chake chini ya mti wa mkungu, karibu na pale watu wanapotokea kivukoni. Funzo lake la kwanza halikuwa kunoa wala kupaka sabuni. Alinishika mkono, akautelezesha wembe juu ya ngozi kavu, malaika yakaanguka bila mimi kusikia kitu.

"Umeona?" akaniambia. "Wembe usioweza kazi hii usiupeleke kooni kwa mtu. Ujaribu kwako kwanza. Kama ni kukwaruza, ukukwaruze wewe."

Tangu siku hiyo nilinoa kwenye mkanda wa ngozi, nikapitisha wembe mkononi, kisha nikamgeukia mteja. Kwa kila kichwa na kila kidevu. Baada ya muda mkono ulikwenda wenyewe, kama vile mtu anavyosema bismillahi kabla ya kutia tonge kinywani.

Niliipenda kazi ile kwa sababu ambayo sikupata kumwambia mtu. Mimi ni mtu wa haya. Nikitazamwa usoni maneno hunipotea, hata jina langu huwa zito. Lakini kinyozi husimama nyuma. Mteja akiongea huongea na barabara, na kioo chetu kilikuwa kidogo, anajiona nusu ya shavu na mimi hanioni kabisa. Nilipotoka tu shule, kabla mjomba hajanichukua, nilikuwa nimejaribu kazi Changamwe, kuviringisha mapipa kwenye maghala ya mafuta. Genge lilinigundua siku ya kwanza. "Bibi arusi kafika!" walipiga kelele kila nikitokea asubuhi. "Mfunikeni uso, asitazamwe bure!" Sikumaliza mwezi. Kwa hiyo kiti cha mjomba kwangu hakikuwa kiti tu. Kilikuwa mahali pa pekee nilipoweza kushinda kutwa nzima kati ya watu bila kutamani kukimbia.

Kisha sheria ikabadilika.

Vita vilikuwa vimekwisha, na nusu ya vichwa tulivyonyoa vilikuja na kofia za jeshi. Zamani leseni ya kinyozi ilikuwa kitu cha kununua. Unakwenda ofisini, unalipa, unapewa karatasi, unaikunja na kuitia ndani ya kofia. Hakuna aliyekuuliza kama wajua kunyoa. Sasa tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya chifu, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimesoma, vinyozi wenzangu walinisukuma mbele niwasomee.

"Soma kwa sauti, yakhe," mmoja akasema. "Wajisomea mwenyewe?"

Nilisoma polepole, kidole kwenye mstari. Hakuna kunyoa tena chini ya mti. Mahali pawe na paa na sakafu ya simiti. Shuka ya mteja iwe imefuliwa. Wembe uchemshwe mbele ya macho ya mteja, na ukishatoka majini usiguse kitu chochote mpaka ngozi yake. Penye kunyolewa watu pasiumikwe mtu, wala pasiwekwe pembe ya kuumikia. Na kila kinyozi, hata awe mkongwe vipi, aende kwa bwana afya kule Changamwe akajaribiwe. Atakayekutwa ananyoa ndani ya Ramadhani bila leseni mpya atapelekwa kortini.

"Rudia hapo pa pembe," mjomba akasema.

Nikarudia. Nakumbuka nilipokuwa nikisoma yale maneno kwamba wembe usiguse kitu, mkono wangu wa kulia ulikuwa ukipapasa ule upara wa kushoto. Nilipapasa na kusoma, na sikuyaunganisha mambo hayo mawili.

Mjomba alikuwa kinyozi na mwumishi. Watu wa kuumwa na mgongo na kichwa walikuja kwake, akawachanja, akabandika pembe, akafyonza hewa na kuziba kitundu kwa nta, akawatoa damu nyeusi wakaenda zao wanatabasamu. Njiani kurudi nyumbani alitembea mbele yangu mpaka tulipofika kwenye minazi.

"Mimi pembe siachi," akasema. "Nitaumika watu nyumbani kwangu, na wembe wa kunyolea nitauweka chini. Lakini wewe hujui pembe. Wewe nenda kajaribiwe. Kiti chukua."

"Mjomba, mimi nitajibu nini mbele ya watu?"

"Utajibu utakaloulizwa. Au wataka kurudi kwenye mapipa?"

Nikaendelea kutembea. Alijua jibu.

Mahali penye simiti palipatikana. Mwenye duka mmoja pale juu ya kivuko, mtu wa ukoo wa zamani wa wafanyabiashara, alikuwa na baraza pana chini ya bati. Alitusikiliza huku akihesabu shanga za tasbihi yake.

"Akipata leseni, pembe hii ya baraza ni yake, inshallah," alisema. "Asipoipata kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, nitampa fundi cherehani. Yeye ameniomba tangu mwezi wa mfungo sita, na hana haja ya kupimwa na mtu."

Huyo fundi cherehani alikuwa akishonea upande wa pili wa njia, kwenye kibanda kinachovuja. Tangu siku hiyo alianza kutembelea baraza. Nilipopita nilimkuta ameinama na futi yake. "Hapa cherehani," anajisemea, "hapa benchi la wateja." Akiniona anacheka. "Usiwe na wasiwasi, kinyozi, napima tu. Kupima si kuhamia." Lakini alikuwa ameweka alama za chaki kwenye simiti, na alama hizo sikuweza kuzisahau. Nilikuwa nikila naziona.

Nilikariri majibu. Nilitembea shambani nikijiuliza na kujijibu mbele ya mihogo. Mtu mwenye ugonjwa wa choa kichwani afanywe nini? Shuka ichemshwe vipi? Mama alinisikia kutoka jikoni akaita.

"Labeka, mama."

"Wazungumza na nani huko?"

"Na bwana afya."

"Mwambie aje ale."

Sikuweza kukaa. Nilinoa nyembe zilizokwisha kunolewa. Nilisahau kama nimekula. Hofu yangu yote ilikuwa juu ya kinywa changu. Mikono sikuiwazia hata kidogo.

Siku ya kwenda Changamwe kila kinyozi alitakiwa kuja na mtu wake wa kunyoa. Mjomba alisema nitamnyoa yeye. Tukavuka, tukapita mjini, tukapanda basi hadi upande wa pili. Karibu na maghala ya mafuta niliyaona magenge yakiviringisha mapipa katika vumbi la malori, nikainamisha kichwa ingawa hakuna aliyenitazama.

Ofisi ya afya ilikuwa nyumba ndefu ya mabati. Vinyozi tulikaa kwenye benchi, kila mmoja na mtu wake mwenye ndevu, kama watu waliokuja kuuza mbuzi. Bwana afya alikuwa mtu wa Mombasa, mpole, koti jeupe, anazungumza taratibu.

"Ndoo hapa, kijana," akaniita karibu zamu yangu ilipofika. "Mteja akija na choa kichwani, wafanyaje?"

Nikafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Sikusikii, kijana."

Mjomba alikuwa amekwisha kaa kitini na shuka shingoni. "Ana sauti, bwana," akasema, "ila ameiweka akiba."

Benchi zima likacheka, hata bwana afya. Na kicheko kile, sijui kwa nini, kilinifungua. Nikamtazama mjomba badala ya bwana afya na nikajibu lile, na la pili, na yote yaliyofuata. Nilinawa kwa sabuni mpaka viwiko. Nilitandika shuka safi. Niliutia wembe katika sufuria juu ya stovu, maji yakachemka, nikautoa kwa koleo nikaupangusa kwa kitambaa kilichochemshwa. Nilimpaka mjomba povu. Nikashusha pumzi. Nikainua wembe.

"Basi," akasema bwana afya. "Weka chini."

Niliweka.

"Umefanya nini hapo?"

"Sijafanya kitu, bwana." Na wallahi nilisema kweli kama nilivyoijua.

"Tazama mkono wako."

Nikatazama. Juu ya ule upara palikuwa na njia ya wembe, na malaika machache yaliyokuwa yameanza kuchomoza yamelala pale yamekatika. Mkono ulikuwa umekwenda wenyewe.

"Bwana, huyu hajakosa," mjomba akasema na povu midomoni. "Wembe usiojaribiwa atautiaje kooni kwangu?"

"Mzee wangu, shikamoo yako nakupa," bwana afya akamjibu. "Lakini mkono huo alipokwisha kuunawa ameshika kiti, ameshika bega lako, amefuta jasho usoni. Uchafu wote huo sasa aupeleka shavuni kwako."

"Mkono huo naujua tangu u mchanga."

"Mimi siujui. Na mteja wa kesho haujui pia." Akaandika kitu. "Arudi Jumatano ya mwisho kabla ya Ramadhani. Baada ya hapo sijaribu mtu tena mpaka baada ya Idi."

Hatukuanguka peke yetu. Waliotufuata walinawa, wakachemsha, wakapangusa, na mmoja baada ya mwingine wakajinyoa mikono. Waliokuwa kwenye benchi waliona wenzao wakikamatwa, na zamu yao ilipofika walifanya yale yale. Aliyefaulu asubuhi ile ni kijana mmoja wa bara aliyejifunza kunyoa jeshini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na malaika tele.

Tulirudi Likoni. Mjomba alikataa kunyolewa na mtu mwingine, na povu lilikuwa limemkaukia sikioni, niliogopa kumwambia. Kivukoni fundi cherehani alitusubiri.

"Haya, mambo?"

"Bado," mjomba akasema.

"Bado ni jibu zuri," fundi akasema. "Mimi nina subira." Siku ya pili yake nilikuta ameleta benchi lake barazani, ati likaushwe na upepo.

Siku zilizofuata sikutulia mahali. Mjomba alisema niujaribu wembe kabla ya kuuchemsha, na hilo lilikuwa rahisi. Niliujaribu, nikauchemsha, nikautoa. Lakini nikisha kuutoa mkono ulikwenda tena. Sikuwa nahitaji kujua kama wembe una makali, nilijua. Mkono ndio ulihitaji. Nilichukua dafu, nikalipaka povu, nikalinyoa. Kabla ya kuligusa dafu nilijinyoa mkono. Nikaosha, nikaanza upya, nikajinyoa tena. Nikafunga kamba kifundoni kunikumbusha. Wembe ukapita juu ya kamba. Ule upara ukawa mwekundu na kuwasha. Mama alisimama mlangoni akanitazama.

"Wanyoa dafu?"

"Najifunza, mama."

"Na dafu limelalamika?"

Sikucheka. Alikuja akakaa karibu nami, akaushika ule mkono, akaugeuza kama anayetazama samaki sokoni. Kisha akasema, "Kama hausikii, ufunike." Akatoa shati la marehemu baba, lenye mikono mirefu, akalipunguza mabega na kukaza kifungo cha kifundoni hata nikashindwa kuukunja. Nikalivaa. Nikamaliza madafu ya jirani yetu kwa mazoezi, na yeye akawa anatuuliza ni sherehe gani inakuja.

Shati halikuuzuia mkono. Uliendelea kuinuka, lakini ulipokutana na kitambaa ulisimama, nami nikazinduka. Ndiyo faida niliyoipata, kuzinduka. Ilipofika Jumatano, mara nyingi haukuinuka kabisa. Mara nyingine uliinuka.

Mjomba alikuwa hajagusa ndevu zake tangu siku ile, na sasa zilikuwa zimemjaa mashavuni, nyeupe, akaonekana kama mtu mwingine. Benchi la pale ofisini lilijaa. Wengi walikuja na mikono mirefu kama mimi. Wengine walijifunga vitambaa kana kwamba wameungua. Bwana afya alitutazama akatingisha kichwa.

Aliniita. Nilijibu maswali bila kungoja kuchekwa. Nilinawa, nikachemsha, nikapangusa, nikapaka povu. Bwana afya alikuwa ameinama, kalamu yake imeanguka chini ya meza. Nikainua wembe, na wembe ukateleza juu ya mkono wa shati, kutoka kiwikoni kuja kifundoni. Nilisikia sauti yake kwenye kitambaa.

Bwana afya alikuwa bado chini ya meza.

Mjomba alikuwa ameona. Alinitazama kutoka chini, akasema kwa midomo tu, karibu bila pumzi: "Nyoa. Hajaona."

Nilimtazama yeye, nikatazama koo lake lililoinuliwa chini ya povu. Sitaki kusema nilifanya lile kwa wema. Nilijua tu kwamba nikianza na roho ile iliyokuwa ikipiga, nitamkata. Nikageuka, nikaurudisha wembe katika sufuria.

Bwana afya akainuka na kalamu yake. "Mbona warudi nyuma?"

"Wembe umegusa shati, bwana."

Nilisema kwa sauti iliyofika mwisho wa benchi. Mimi mwenyewe niligeuka kutazama ni nani aliyesema. Mjomba akafumba macho kwa uchungu.

"Umegusa shati," bwana afya akarudia.

"Ndiyo, bwana. Mkono bado una mazoea. Naomba maji yachemke tena."

Akaweka kalamu mezani. Akakaa. Sote tukangoja. Maji ya stovu hayakuwa na haraka. Povu usoni mwa mjomba lilianza kunywea, nikampaka jingine, na mtu mmoja benchini akaanza kupiga miayo. Maji yalipochemka niliutoa wembe kwa koleo, nikaupangusa, nikaukaza mkono wa kushoto mgongoni kwangu kama mwizi aliyefungwa, na nikaja kwenye shavu la mjomba kwa mkono mmoja. Kisha ikabidi nitumie wote kuivuta ngozi, na kufika hapo nilikuwa nimetulia. Nilinyoa ndevu zote. Sikumtoa damu hata tone.

Bwana afya alipitisha kidole juu ya kidevu cha mjomba. "Ahsante, mzee," akamwambia. Mimi akanipa karatasi na kibati chenye nambari, cha kutundikwa penye kuonekana.

Fundi cherehani aliliondoa benchi lake mwenyewe nilipofika na kibati mkononi. "Lishakauka," akasema, na hakunitazama. Alama za chaki nilizifuta kwa maji, lakini zilikuwa zimeingia kwenye simiti, na hata sasa mvua ikinyesha zinaonekana.

Mkesha wa Idi baraza lilijaa tangu alasiri. Sufuria ilikuwa ikichemka pembeni, na watu walilalamika, "Unatunyoa au unatupikia?" Ukutani mwenye duka alikuwa ametundika kioo kikubwa, ati ndiyo heshima ya duka, na sasa kila aliyekaa kitini aliniona wazi tangu kichwani hadi kiunoni. Sikuwa na pa kujificha. Nilinyoa nimeinamisha uso.

Mjomba akatokea amevaa kanzu mpya. Kila mkesha wa Idi, tangu nilipoanza kazi, yeye ndiye aliyenijaribia wembe. Alipita katikati ya watu akiwasalimia, akafika kwenye kitambaa safi nilikouweka wembe uliotoka majini, akauchukua. Akakunja kanzu yake. Akaupitisha mkononi mwake, polepole, na akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mzuri," akasema. "Endelea."

Watu waligeuka kututazama. Walikuwa wanakijua kibati, na walikuwa wanamjua mjomba.

"Mjomba," nikasema, "nipe."

Alinitazama kwenye kile kioo kikubwa. Nikanyoosha mkono. Nilidhani atanitukana mbele ya watu, na nilidhani nikitukanwa nitastahili.

"Labeka," akasema, kama mdogo anavyomwitikia mkubwa wake, na akaniwekea wembe kiganjani.

Wengine wakacheka, wengine hawakucheka. Niliutia katika maji. Mjomba hakwenda zake. Alikwenda mwisho wa benchi akakaa, akangoja zamu yake nyuma ya vijana walioanza juzi tu kuota ndevu. Mimi nilisimama juu ya sufuria nikingoja mapovu yapande, na mkono wangu wa kushoto ukawa unaniwasha ndani ya shati. Nilifungua kifungo kidogo nikachungulia. Malaika yalikuwa yameanza kuota, mafupi, magumu, kila moja limesimama peke yake. Nikakifunga tena kabla mtu hajaniona.